Nyumba Yenye Kasia Mlangoni

Wiki iliyopita nilikwenda kusajili laini mpya ya simu kwenye kibanda kimoja karibu na stendi. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja mtu mzima, mkulima kwa kumtazama tu, na mashine ilikuwa imekataa vidole vyake mara nne. Kijana wa kibandani hakuhangaika. Alivuta droo, akatoa limau, akalikata vipande viwili, akamwambia, "Sugua hapa, mama, halafu futa na kitambaa." Harufu ikanifikia. Nikawaambia waliokuwa nyuma yangu wanipite, nikatoka nje kusimama juani, na laini yenyewe sikuisajili siku ile.

Msinicheke. Kila mtu ana kitu kinachomvuruga, na mimi hunivuruga limau lililokatwa. Nikilisikia mahali penye foleni na meza na karatasi, miguu yangu haitulii, natamani kumwomba mtu radhi na sijui nianze na nani. Ngoja niwaeleze.

Nilikuwa darasa la tano, tunakaa Mshangano, kule mji wa Songea unakoishia na mashamba ya mahindi yanakoanza. Bibi mzaa mama alikuwa amekuja kuishi nasi baada ya macho yake kuingia ukungu. Aliitwa Edita, na alitoka kwenye kisiwa kidogo cha Ziwa Nyasa ambacho sitakitaja jina, maana watu wake bado wapo na hawapendi maneno. Aliniita mke mwenza, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na akanishtaki kwa mama kila nilipompikia chai nyepesi. Baridi ya huku juu ilimshinda kabisa. Mwezi wa sita alivaa sweta mbili za baba, ya pili akaigeuza mbele nyuma ili kifua kisipitishe upepo, na bado akauliza nani kaacha mlango wazi.

Mikono yake ndiyo naikumbuka zaidi. Ncha za vidole zilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika sana. Ni kazi ya miaka, alisema, ya kupara samaki, kumenya muhogo na kusugua masufuria kwa mchanga wa ufukweni. Akinishika shavu nilikuwa sisikii mkwaruzo wowote, ilhali mikono ya mama ilikwaruza kama gunzi.

Mwaka ule Mwalimu Mapunda, mwalimu wetu wa darasa, alitupa kazi ya kufanyia nyumbani. Kila mmoja achague mahali alikotoka mzee wake mmoja, aandike sura tatu: jiografia, watu na serikali. Kazi nzuri kuliko zote angeibandika ukutani, juu kabisa, pembeni ya ramani ya Tanzania. Wenzangu waliandika Namtumbo, Mbinga, Peramiho, kahawa na tumbaku na mahindi, na tuliokaa karibu tuliona wanaandika kitu kilekile. Mimi nilikuwa na kisiwa. Na mimi, jamani, nilikuwa mtoto wa kiherehere.

Nilimkalisha Bibi juani mbele ya nyumba nikaanza kumhoji. Sura ya jiografia ilienda upesi. Kisiwa kina ukubwa gani? Akafikiri, akasema ukibandika maharage ukatoka kuzunguka kisiwa chote, ukasalimia kila nyumba, utarudi maharage hayajaiva. Nikaandika hivyohivyo. Sura ya watu nayo haikunisumbua. Nyumba tisa, kanisa moja la matofali ya kuchoma, ugali wa muhogo, dagaa waliotandazwa kwenye mawe. Walisali kwa Kinyanja kwa sababu vitabu vyao vya sala vililetwa na meli zamani kutoka upande wa pili. Dada yake mkubwa, Mabeli, aliolewa ng'ambo, Malawi, na kumwona ilikuwa ni kuingia kwenye boti tu, huku umebeba kuku. Tanganyika ilipopata uhuru kisiwani walicheza ngoma mpaka wakachoka. Ng'ambo nao walipopata, wakacheza tena.

"Mara mbili, Bibi?"

"Dada yangu alikuwa kule. Ningekaa tu?"

Nikaandika: Bibi yangu alisherehekea uhuru mara mbili.

Serikali ndiyo iliyonichelewesha. Nilimuuliza kisiwani serikali ilikuwa nani, naye akanijibu kwamba serikali ilikuwa nyumba yenye kasia mlangoni. Kila wiki kasia moja kubwa, la zamani, lililokuwa halitumiki tena kwenye maji, liliegemezwa kwenye mlango wa nyumba moja. Hiyo ndiyo yenye zamu. Mgeni akishuka anafikia hapo, anakula hapo. Nyavu zikinasana, wenye nyavu wanakwenda kusemezana hapo. Akizaliwa mtoto au akifa mtu, wenye zamu ndio wanaovuka kwenda kijijini, bara, kuandikisha. Jumapili baada ya ibada kasia linahamia nyumba ya pili. Yeye mwenyewe, baada ya babu kufariki, alilipokea kama kawaida, na watu wakaja kugombania nyavu mbele ya mjane.

"Na mtu akikosa, Bibi? Akiwakosea watu wa kisiwa?"

"Anapewa kasia. Hata kama si zamu yake."

"Ni adhabu?"

Alicheka, akavuta sweta. "Wewe andika, mke mwenza. Jua linaondoka."

Nikaandika: Adhabu ya kisiwa ni kasia.

Hapo kazi ilikuwa imekamilika, na ningeiacha, leo nisingekuwa nakimbia limau. Lakini miaka ile redio ilikuwa ikizungumzia mpaka wa ziwa mara kwa mara. Sisi tulisema unapita katikati ya maji, wenzetu wa Malawi walisema maji yote ni yao mpaka kwenye mchanga wa kwetu. Nikaona kazi yangu itanoga. Nikaongeza kwa kalamu nyekundu kwamba kisiwa hiki kinagombewa, kwamba hakina serikali ya mtu yeyote ila kasia, na chini nikakichorea bendera. Bluu, kijani, na kasia la njano katikati. Bendera yenyewe nilikuwa nimeibuni nikiwa nakula kiporo. Mwalimu Mapunda alinipa kumi na tisa kwa ishirini. Pembeni ya neno "adhabu" aliweka alama ya kuuliza kwa wino mwekundu, lakini aliibandika, juu kabisa, na wiki nzima nilitembea shingo imesimama.

Kisha likaja tangazo la vitambulisho vya taifa. Maafisa wangekaa Jumamosi kwenye shule yetu, na chumba walichopewa kilikuwa darasa letu.

Bibi alikitaka kitambulisho kile kuliko mtu yeyote mtaani. Dada yake Mabeli alikuwa mgonjwa, ujumbe ulikuwa umekuja kwamba hali si nzuri, na siku hizo kuvuka hakukuwa tena kuingia kwenye boti na kuku. Alihitaji kibali, na kwa kibali alihitaji namba. Alinituma niulize kila siku Jumamosi imebaki siku ngapi, kana kwamba inaweza kubadilika.

Mimi nilifurahi pamoja naye mpaka Jumatano, nilipopeleka mahindi mashineni. Wanawake waliokuwa wakisubiri unga walikuwa wakiongea. Mmoja alisema watu wa mipakani watahojiwa na uhamiaji peke yao, na atakayeonekana si wa kwetu atarudishwa alikotoka. Mwingine akasema jirani yao ameshaogopa, hatajiandikisha. Nilibaki nimeshika ndoo. Nikaiona akilini ile karatasi yangu ya darasani: kisiwa kinagombewa, hakina serikali, Bibi amecheza uhuru wa nchi mbili, na bendera. Nilikuwa nimemwandikia bibi yangu mashtaka kwa mwandiko mzuri, na yako ukutani juu ya meza watakayokaa maafisa.

Tangu hapo sikutulia. Alhamisi nilimwomba Mwalimu anirudishie, nikasema nimekosea tahajia. Akasema, "Iache, Oliva. Wageni waone shule yetu inavyofundisha." Ijumaa nilibaki nikijidai nafagia, nikapanda kwenye dawati, mkono ukaishia shubiri moja chini ya karatasi. Nikaweka kiti juu ya dawati, dawati likayumba, mlinzi akachungulia dirishani, nikashuka. Nyumbani sikuweza kula. Mama aliniuliza kama nina malaria, akanishika shingo, akasema sina joto. Kwa nini sikumwambia? Najiuliza hata leo. Nadhani nilidhani nikilisema kwa sauti litakuwa kweli.

Jumamosi mama alikuwa sokoni kwenye biashara yake, baba kikazi Tunduru, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwongoza Bibi. Aliweka mkono begani kwangu kama alivyozoea. Mama alikuwa amesikia kwamba vidole vya wazee vinakataa kusomeka, akampa nusu limau, na Bibi alilisugua njia nzima. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Tulipofika tukakuta wanawake wengine nao wana malimau yao, darasa zima linanuka, na mimi macho yangu yakaenda moja kwa moja juu ya ubao. Bendera yangu ilionekana kutoka mlangoni.

Afisa aliyekaa meza ya pili alikuwa kijana, mpole, ana mafua. Alisimama kidogo Bibi alipofika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Habari za kazi?"

"Njema. Umezaliwa wapi?"

Bibi akataja kisiwa. Alikitaja kwa sauti ya kanisani. Afisa akaandika, akauliza kijiji cha bara walichoandikishwa, akauliza majina ya wazazi, Bibi akajibu yote bila kusita huku limau limo kiganjani. Kisha akauliza kama ana ndugu ng'ambo.

"Dada yangu. Ameolewa huko, na sasa anaumwa. Ndiyo maana nimekuja, baba. Nataka nivuke nikamwone."

Afisa alipenga kamasi, akainua uso, na macho yake yakasimama ukutani. Nikaona midomo yake inasoma. Akatabasamu, na lile tabasamu mimi nililiona kama la mtu aliyekamata mwizi.

"Kisiwa cha Bibi Yangu," akasoma. "Binti, wewe unasoma hapa? Unamfahamu huyu Oliva?"

"Simfahamu."

"Na huyu bibi ni nani yako?"

Nikuambieni, maneno yale sikuyapanga. Yalitoka yenyewe, mbiombio, kana kwamba mtu mwingine anayasukuma kwa nyuma.

"Si bibi yangu. Ni jirani. Amezaliwa hapahapa Mshangano, kisiwa hakijui. Mimi namsindikiza tu."

Bibi aligeuza uso kunitafuta. Kwa macho yale alikuwa anaona vivuli tu, na alinitafuta upande ambao sikuwepo, kwa sababu nilikuwa nimerudi nyuma hatua mbili. Kisha akamgeukia afisa.

"Mimi ni wa kisiwani, baba. Mtoto ana njaa."

Afisa hakugomba. Aliweka kalamu chini, akasema kwa upole kwamba mtoto anasema hivi na bibi anasema vile, na kama ni yeye peke yake angemwamini, lakini kwenye fomu hawezi kuandika mambo mawili. Alete barua kutoka kijiji chake. Fomu ikawekwa pembeni, peke yake, na nyuma yetu mtu mwingine akaitwa. Meza ya vidole hatukuifikia.

Njiani Bibi aliweka mkono begani kwangu vilevile. Hicho ndicho kilichoniumiza. Ningependa auondoe, atembee kwa kupapasa, anikemee. Tulipokaribia nyumbani alinikabidhi lile limau, limesinyaa, akasema, "Mpe mama yako atie kwenye chai."

Mama alipata habari kwa Mwalimu Mapunda, aliyesimuliwa na watu wa foleni. Hakunichapa. Alisema tu, "Bibi yako, Oliva," akaingia ndani kupiga simu kwa mdogo wake, mjomba Festo, aliyekuwa Mbamba Bay. Tangu siku hiyo nilikuwa nahesabu mabasi. Kila jioni nilikwenda barabarani kuangalia yanayotoka njia ya Mbinga, vumbi lao, mizigo yao juu. Basi likipita bila kupunguza mwendo nilingoja jingine. Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha. Bibi naye aliacha kuuliza siku. Alikaa juani, mikono juu ya magoti, na mara nyingine nilimwona anavisugua vidole vyake kana kwamba limau bado lipo.

Wiki ya tatu mjomba Festo alishuka mwenyewe, na mfuko wa dagaa na bahasha. Nilimkimbilia, nikampokea mfuko, nikamwuliza barua iko wapi kabla sijamwamkia. Akanipa niishike. Ilikuwa imeandikwa na wenye zamu ya wiki ile, inasema Edita ni wa kwao, amezaliwa kwao, amelishika kasia lao. Chini zilikuwepo alama tisa za dole gumba, moja kwa kila nyumba, na kando ya zote muhuri wa kijiji. Walivuka wote kwenda kugongesha muhuri ule, mjomba alisema, boti lilijaa. Nilirukaruka. Ndipo nikaona kwamba yeye harukiruki, na kwamba anautazama mlango wetu bila kutaka kuuingia.

Dada yake Bibi, Mabeli, alikuwa amezikwa Jumatatu.

Sijui kama fomu ile ingepokelewa siku ile namba ingetoka mapema. Labda isingetoka. Mama aliniambia hivyo, na Mwalimu pia, na mimi mwenyewe nimeshajiambia mara nyingi. Lakini hakuna anayejua, na kwa sababu hakuna anayejua sijapata mahali pa kuliweka jambo hili chini.

Bibi alilia kwa Kinyanja. Watu walianza kuja, maana mtaani msiba haungoji tangazo, na mimi nilijificha nyuma ya banda la kuku. Nikasikia ananiita. Nilipoingia alikuwa amekaa mkekani, khanga kichwani, na mkononi ameshika mwiko wetu mkubwa wa ugali.

"Tumekosa kasia huku," alisema. "Huu utatosha. Uegemeze mlangoni, nje, watu wauone. Zamu yako."

Mimi nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Nilikuwa nimeandika mwenyewe, na Mwalimu akaweka alama ya kuuliza. Nilichukua mwiko nikauegemeza kwenye kizingiti, nikasimama kando yake, machozi yakinichuruzika mbele za watu.

Ilikuwa kazi ya siku tatu. Kila aliyepiga hodi nilimpokea mimi, nikamnawisha mikono, nikamwonyesha pa kukaa, na kila mmoja aliuliza swali lilelile: mfiwa yuko wapi? Mara ya kwanza niliutazama mwiko kwanza. Mama mmoja wa jirani alinisubiri, ameinamisha kichwa, kama anayengoja maji yajae kikombe.

"Karibu. Bibi yangu yuko ndani."

Ndani palikuwa hatua tano tu kutoka mlangoni. Bibi alisikia. Alisikia ile, na iliyofuata, na zote zilizofuata, asubuhi na mchana, kwa watu wa kanisani kwetu na kwa waliotoka Mjimwema na kwa wanawake wa mashineni. Bibi yangu yuko ndani. Siku ya pili mchana alikuja Mwalimu Mapunda, amevaa koti. Nikamwamkia, nikamnawisha, nikasema yaleyale. Alinitazama, akautazama mwiko, akavua kofia kabla hajaingia. Nilijua anajua. Hapo nilitaka ardhi inimeze, na haikunimeza, na nikabisha hodi kwa niaba yake.

Namba ya Bibi ilitoka baadaye, vidole vikasomeka kwa limau, na mwaka uliofuata alivuka, akalala siku mbili karibu na kaburi la dada yake, akarudi na kitenge changu. Hakulitaja tena neno la Jumamosi ile mpaka alipofariki. Niliishi naye miaka sita nikiamini kwamba aliniadhibu, na kwamba nilistahili.

Ni wiki iliyopita tu, nikiwa nimesimama juani nje ya kile kibanda, nilipofikiri vizuri juu ya kisiwa kile. Nyumba tisa, maharage hayajaiva umeshawapita wote. Mtu aliyewakosea watu mahali kama pale ana mahali gani pa kwenda? Angejifungia, na watu wangepita mlangoni kwake bila kuingia, na angeendelea kuishi katikati yao hivyohivyo, peke yake. Kwa hiyo walimpelekea kasia. Wiki nzima mgeni hana pa kula ila kwake, wenye ugomvi hawana pa kusemea ila kwake, hata aliyekosewa lazima apige hodi. Jumapili likihamia nyumba ya pili hakuna mlango uliobaki umefungwa.

Karatasi yangu ilibanduliwa shule ilipopakwa rangi, sijui ilitupwa wapi. Ningeipata leo ningeiacha bendera ibaki, ni nzuri. Ningefuta lile neno ambalo Mwalimu aliliwekea alama ya kuuliza, na Bibi alilicheka, kisha akaniacha niliandike.